Mwalimu wa Kwaya kwenye Benchi la Nyuma

Nimekutana na watu wengi wakaidi hapa mjini Baraka, wakiwemo wenye mitumbwi wasiopunguza bei hata samaki akianza kunuka, lakini hakuna aliyenichosha kama Mwalimu wetu wa kwaya. Wakaidi wengine ukishindwana nao unaondoka zako na kuwasahau. Yeye alikuwa mkaidi kwa upole, na mtu wa namna hiyo hakupi nafasi ya kumkasirikia vizuri. Mara ngapi nilitoka kwake na hasira yangu yote kama nilivyoingia nayo, na juu yake furushi la mihogo aliyonitwika nipeleke nyumbani.

Kwa miaka aliketi kwenye benchi la nyuma kanisani. Kwetu sisi Waprotestanti wa kando ya ziwa, mshiriki akikosa waziwazi baraza la wazee humsimamisha. Ndivyo tunavyosema, amesimamishwa, ingawa anachofanyiwa ni kukalishwa. Anaketi benchi la mwisho karibu na mlango, haimbi kwaya, haombi kwa sauti, hafiki kwenye Meza ya Bwana. Siku akisimama mbele ya watu na kusema nimekosa, anapewa mkono na mambo yanakwisha. Wengi huketi pale miezi michache tu. Wengine huvuka barabara na kuingia kanisa jingine, na makanisa Baraka si haba, kila mwenye spika mbili na turubai ni mtumishi. Mwalimu hakufanya hili wala lile. Hakutubu na hakuondoka.

Hakutuita kwa majina, alituita kwa sauti zetu. Mimi nilikuwa Besi tangu koo langu lilipokomaa, na hata nilipokuwa na mvi na duka la mabati na sementi sokoni, alikuwa akipita mbele ya wateja wangu ananiita Besi. Mke wangu alikuwa Soprano. Tulipomwendea kumwambia tunataka kuoana alifikiri kidogo, akasema hana neno, ila tusigombane siku za mazoezi. Hata mchungaji wa zamani alikuwa na jina lake, Tenori, na alituambia pembeni kwamba ni tenori aliyepotelea kwenye mahubiri.

Kinanda hatukuwa nacho. Alivuta pumzi puani, akatoa mlio mdogo midomo ikiwa imefungwa, na kila mmoja wetu akachukua sauti yake hapo. Wakati wa mazoezi alipita nyuma yetu na kuwawekea watu wa besi kiganja mgongoni, kwa sababu kwake besi ya kweli ilisikika kwenye mifupa. Mgongo usipotetemeka unarudia peke yako, mbele ya wasichana. Mwenye kutoka nje ya sauti alimvumilia, akisema sikio linafundishika. Aliyemchukia ni mwenye kuwahi, yule anayeingia kabla ya wenzake. Huyo alimwona ni mtu wa kujipenda. Mimi nilikuwa mwenye kuwahi, na niliambiwa hivyo mpaka nikazoea.

Wanaomkumbuka sasa humfanya mama wa huruma tu. Hawakukaa chini ya mkono wake. Kuna mwaka nilikunywa kasiksi kwenye sherehe ya mahari, na pombe ile ya ndizi inateremka kama uji. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa wazee. Nikakalishwa nyuma tangu kupanda mpaka kuvuna. Nilipomuuliza kwa nini hakuniita pembeni kwanza, alisema ameniita pembeni mara nyingi, nami nilikuwa naitika kwa mdomo peke yake. Alikuwa na neno lake alilolirudia tulipochelewa, tulipokuja tumechoka, tulipoimba huku tunafikiria soko. Alisema Mungu hakuomba moyo ule unaobaki baada ya kazi nyingine. Mimi neno hilo lilinikera. Nani ana moyo mzima siku ya kazi, jua likiwa kali namna ile.

Na kanuni iliyomkalisha nyuma aliitaka mwenyewe. Watu wetu waliporudi kutoka kambi za wakimbizi huko Tanzania, wanaume wengine walirudi na wake wapya, na kuwakuta wake wa ndoa wamewangoja na watoto. Mwalimu alisimama kwenye mkutano wa kanisa akawatetea wale wake waliongoja. Alikuwa mkali siku ile, hata wanaume walitazama viatu vyao. Kanisa likapitisha kwamba mwenye kuoa mke wa pili atasimamishwa, pamoja na mzazi atakayempokea mke huyo nyumbani mwake. Hiyo sehemu ya mzazi aliiongeza yeye. Aliuliza, kama kina mama wasingewafungulia milango, hao wanawake wangelala wapi?

Mwanawe wa pekee alikuwa akinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, huko Ubwari na kuzunguka nazo vijijini. Alioa msichana wa Nundu, harusi ya kanisani, na tuliimba sisi. Halafu akaoa tena huko Lubondja bila kanisa na bila kumwambia mama yake. Mkwe wa Nundu alirudi kwao analia. Mwalimu alimfuata, akapiga magoti uani kwa watu kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Huyo wa Lubondja, Mwalimu alikataa hata kumwona. Alisema wazi kwamba mtu huyo hatakanyaga kwake, na sisi tuliomjua tulijua hatakanyaga. Mwana naye akaenda machimboni kutafuta dhahabu, na huko akapotea kama wanavyopotea wengi.

Kisha mapigano yakafika upande wa Lubondja. Asubuhi moja ya mvua barabara ilijaa watu wanaoshuka na magodoro kichwani. Mwanamke mmoja aliuliza nyumba ya Mwalimu wa kwaya, akaonyeshwa. Alikuwa na watoto wanne, wa mwisho mgongoni, na huyo wa mgongoni alikuwa na homa. Yeye na mama mkwe wake hawakuwa wameonana kabla ya hapo. Jirani aliyesimama pale alinisimulia kwamba Mwalimu alimtazama yule mtoto, hakuuliza jina la mtu, akaingia ndani kuweka maji motoni. Wakalala. Mapigano hayakwisha, mwana hakurudi, na waliolala siku moja wakawa watu wa nyumba.

Nilikuwa barazani siku alipoitwa na wazee, maana nilikuwa msemaji wa kwaya. Hawakufurahia kazi ile. Walimtafutia kila mlango wa kutokea. Wakasema mwanamke akapangiwe chumba kwa watu wengine, kanisa litasaidia, na yeye Mwalimu aseme tu kwamba alikosa kwa sababu ya huruma. Nilimkonyeza akubali. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya kitenge chake.

“Kanuni ni muzuri, bazee,” akasema. “Mi mwenyewe niliomba muipitishe. Basi munisimamishe. Lakini kutubu, nitatubu nini? Muntu alikuja na batoto, mi nikafungua mulango. Siwezi kumwambia Mungu nilikosa kufungua mulango. Nikisema vile nitakuwa namudanganya, na Yeye hadanganyike.”

Mzee mmoja akamuuliza basi atahamia kanisa gani. Mwalimu alimtazama kwa mshangao wa kweli.

“Nihame niende wapi? Kanisa ni yangu.”

Jumapili iliyofuata tulipata aibu ambayo haijatokea tena. Kwaya ilisimama, tukajipanga, tukangoja. Tulikuwa tunangoja ule mlio. Hakuna aliyefikiri wimbo ungeanzaje bila yeye. Tukageuka wote pamoja kutazama nyuma, na kanisa zima likageuka nasi. Alikuwa kwenye benchi la mwisho, ameibana midomo yake kwa nguvu, machozi yanashuka. Mlio mmoja tu wa puani ungetuokoa, na nina hakika hakuna mzee ambaye angemshitaki. Hakuutoa. Alikuwa amesimamishwa, na aliyesimamishwa haimbi. Tukaanza kila mtu na lake, sauti tatu zisizojuana, mpaka mchungaji akatuonea huruma na kusema tuombe.

Nilimkasirikia siku ile, na sikuacha. Kama unaona wamekuonea, pinga. Kama unaona wana haki, tubu. Yeye aliikubali adhabu na akalikataa kosa, akaenda hivyo mwaka hata mwaka. Alifika wa kwanza, akafagia kwa sababu kufagia hakukukatazwa. Wakati wa nyimbo kidole gumba chake kilipiga goti taratibu, na shemasi akimtazama alikizuia kwa mkono mwingine. Mkate ulipopita alitazama chini. Watu walimheshimu, wengine walimcheka, na vijana waliozaliwa baadaye walidhani ni bibi fulani mwenye dhambi kubwa. Kwaya ilinunua kinanda cha umeme na kupata mwalimu mwingine, kijana mwenye vidole vyepesi, na besi zikawa za kupiga kelele.

Nyumbani hakumwita yule mwanamke mke wa pili, wala mkwe. Alimwita Alto. Alikuwa na sauti nene ya chini, akiimba wakati wa kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Lakini msidhani waliishi kwa asali. Mwalimu alimgombeza kwa chumvi, kwa sabuni, kwa namna ya kufunga mlango. Alimwambia usoni kwamba alimharibia mwenzake nyumba. Kila alipopata samaki wa kutosha alipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Nundu kumpelekea mkwe wa kwanza, na mara nyingi alirudi na samaki wake, mwenyewe amekataa kufungua. Siku moja nilimwambia Mwalimu kwamba yule wa Nundu naye ana haki ya kufunga mlango. Alijibu kwamba hilo analijua, na kwamba ndiyo maana yeye haisemi kanuni ile vibaya. Niambieni mtu kama huyo unaanzia wapi kumsaidia.

Jirani yake, Mama Mwislamu mwenye mitumbwi miwili, alimtania kwamba msikitini hakuna benchi la nyuma kwa kuwa hakuna benchi lolote. Mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwambia akikosa jioni hiyo ndagala za kumgawia, atamletea benchi moja.

Mimi nilichoka. Niliondoka kwenye kanisa lile na mke wangu, tukaenda kwa wenye turubai, ambako sasa kuna ukuta na bati, bati langu mwenyewe. Mchungaji wetu wa huko alisikia habari za Mwalimu, akasema aje, atapewa kiti cha mbele na kwaya nzima mikononi mwake. Nilikwenda kwake nikiwa na furaha. Nilimweleza mambo yote, jinsi watu wanavyoimba hovyo, jinsi atakavyoshiriki Meza Jumapili hiyohiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

“Besi,” akasema, “muntu akigombana na nyumba yake, anaenda kuolewa na jirani?”

Nikamwambia nyumba yenyewe ilimfukuza. Akasema haikumfukuza, ilimketisha tu, na kuketi si kazi ngumu kwa mtu wa umri wake. Nilimwuliza kwa ukali kama haoni kwamba anawapa nguvu wale wanaomkosea. Akaniuliza kama kule kwetu sasa nangoja wenzangu au bado nawahi. Nikaondoka bila kuaga vizuri.

Kilichonifanya nirudi tena na tena ni jambo moja. Kwetu, mtu akifa akiwa kwenye benchi la nyuma, kanisa halimziki. Mchungaji haji na kwaya haiji. Watu wa ukoo wanachimba, wanafukia, wanarudi. Nilimwona mzee mmoja akizikwa hivyo, mvuvi aliyekataa kumwacha mke wake wa pili. Koleo zilisikika, na mtoto mmoja akakohoa, basi. Mwalimu alisimama mbali siku hiyo, chini ya michikichi. Yeye aliyetufundisha wimbo wa kaburini, wimbo aliouunda mwenyewe, nusu Kiswahili nusu Kibembe, ambao umesindikiza nusu ya watu wa Baraka. Mama yangu aliimbiwa huo. Nilimtazama akiwa kule kwenye kivuli nikafikiri, na wewe watakufukia namna hii. Tangu hapo sikuweza kulala na wazo hilo. Nilitaka atubu kwa uongo, ahame, afanye lolote, ili mradi siku yake isipite kimya.

Aliugua msimu wa mvua uliopita. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, hospitalini wakasema ni moyo, wakampa vidonge. Benchi la nyuma likabaki tupu. Mchungaji mpya, kijana mwema, hakupenda kuliona tupu. Alinijia dukani, ingawa mimi si kondoo wake, akaniomba nimpelekee Mwalimu ujumbe. Hakuna haja ya kusimama mbele ya kanisa. Atakwenda kwake na mzee mmoja na mkate, yeye aseme neno moja tu kitandani, nimekosa, bila kutaja lipi. Atarudishwa, na yatakayofuata yatafanyika kama inavyostahili. Nilimshukuru yule kijana nusura nimpe mfuko wa sementi.

Nilimkuta mchana, ameketi kwenye mkeka barazani, mgongo ukutani. Alto alikuwa anatwanga sombe upande wa pili wa ua. Watoto wa Lubondja wamekuwa wakubwa, wasichana wawili wanafua, mvulana mkubwa anatengeneza wavu, mdogo wao, yule wa homa, anamenya mihogo. Nilimpa ujumbe polepole, nikihakikisha anausikia sawasawa. Hakuna kusimama. Neno moja. Bila kutaja.

Aliegemeza kichwa ukutani apate pumzi.

“Umwambie muchungaji aksanti sana. Ana roho nzuri. Nimekosa mingi, Besi, na ile yote natubu kila siku, hata ile ya kufanya yule wa Nundu afunge roho yake. Lakini nikisema hapa nimekosa bila kutaja, kila muntu atajua nasema juu ya mulango. Na hawa batoto batajua bao ndio kosa yangu.”

Hapo nilishindwa. Nilimwambia yote niliyoyameza kwa miaka. Nilimwambia anatutesa sisi tunaompenda, kwamba upendo wake kwa Mungu umekuwa kama ugomvi, kwamba hakuna aliyemwomba kubeba kanuni na mlango kwa wakati mmoja. Sauti yangu ilipanda mpaka kinu kikanyamaza.

“Utazikwa bila wimbo, Mwalimu,” nikasema. “Weye.”

Alimwita Alto, aache kinu. Akawaita wale wasichana, Soprano na Soprano mdogo. Mvulana wa wavu akawa Tenori, na yule mdogo akasogea naye. Walikuja wakifuta mikono, wakajipanga mbele ya mkeka bila kuambiwa nani akae wapi, na hapo nikaelewa kwamba wamekwisha kujipanga hivyo siku nyingi. Mwalimu alifumba macho, akavuta pumzi puani. Ule mlio ukatoka, dhaifu, lakini pale pale ulipokuwa siku zote. Sikuwa nimeusikia tangu alipokalishwa.

Wakaimba wimbo wa kaburini. Waliuimba vizuri kuliko kanisa langu na lake yakichanganywa. Mama Mwislamu alitokea penye ua, akasimama na beseni lake kichwani. Walipofika ubeti wa pili, mahali ambapo besi hujibu, wote walinyamaza na kuacha nafasi tupu, kisha wakaendelea, kama watu waliozoea kuruka tundu njiani. Mwalimu akainua mkono wakasimama. Akanitazama.

“Tunafanya repetisyo ya huu wimbo tangu kiangazi,” akasema. “Batoto banajua yote. Yenye tunakosa ni besi.”

Nilitaka kumwambia mimi si wa kanisa lake tena. Nilitaka kumwambia pia kwamba nina wateja. Nikavua viatu, nikaenda kusimama pembeni ya Tenori. Akaniita nisogee karibu, nigeuke, akanyoosha mkono wake uliovimba na kuniwekea kiganja mgongoni, chini, kwa kuwa hakuweza kufika juu. Akatoa mlio. Wakaanza. Nilikuwa nalia, nikataka tu iishe, na nafasi yangu ilipokaribia niliingia.

Kiganja kikanipiga mgongoni. Wote wakanyamaza.

“Umewahi, Besi,” akasema. “Turudie, na ungoje benzako.”

Nikafuta uso kwa mkono wa shati, nikamwitikia ndiyo Mwalimu, nikangoja.